Espérance Wilondja, Mtangazaji Aliyeomba Msamaha Hewani (1984–2025)

Wazazi, wachungaji, majirani na ninyi nyote mliolala nasi hapa kilioni tangu Jumapili, familia imenipa mimi, Néhémie, mdogo wake wa kufuatana, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na nitayasoma kama yalivyokuwa.

Dada Espérance alizaliwa Swima tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa kwanza wa baba yetu, papa Albert Wilondja, mvuvi, na mama Marthe, mkulima wa mihogo, akaanza shule hapo hapo Swima, na vita vilipotufikia mwishoni mwa 1996 alivuka ziwa pamoja nasi hadi kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, ambako alijifunza kile Kiswahili kilichonyooka mlichozoea kukisikia asubuhi. Tulirudi mwaka 2005, akamaliza sekondari hapa Baraka na kupata cheti chake, diploma ya Serikali, mwezi wa Julai 2008.

Tarehe 2 Februari 2009 aliajiriwa na Radio Sauti ya Mwambao, kwanza kusoma habari, kisha kuongoza kipindi cha asubuhi ambamo watu walipiga simu na kusema yanayowasumbua, barabara ya Fizi, bei ya unga, wanajeshi, wabunge, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejua yeye mwenyewe anampigia nani kura. Tarehe 7 Agosti 2010 alifunga ndoa na Willy Lwaboshi, mwalimu, Mungu akawajalia Merveille, Vanessa na Placide.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2023 radio ilibadilika, kwa sababu mheshimiwa mmoja aliyeinunulia mitambo ya jua alianza kutuma watu wake kuchagua nani asikike na nani akatwe, na dada akaanza kukosa usingizi. Jumanne tarehe 18 Machi 2025 mmoja wa watu hao aliingia studio na komunike, yaani taarifa ya kusomwa hewani, isiyo na saini, iliyosema kwamba familia za Bibokoboko, kule milimani, zinazouza maziwa sokoni zinampelelezea adui, na nyuma yake mlangoni walisimama wanaume wawili wenye bunduki. Dada alimtazama mkurugenzi wake, mzee Bonaventure, naye akamwambia, "Soma tu, mama Merveille, we unataka batufunge?" Akasoma.

Kesho yake mama Mukarurangwa, mjane wa Bibokoboko, muuza maziwa, alipigwa sokoni na watu waliokuwa wateja wake, mkono ukavunjika, na dada, aliyekuwa akipita kutoka kazini, akawasikia wakimpiga huku wakirudia maneno ya komunike, neno kwa neno, kama yeye alivyoyasoma.

Alhamisi alifungua mikro na kuacha Kiswahili cha habari, akasema, "Batu ba Baraka, ile karatasi ya juzi mi nilisoma kwa woga, sikutafuta kujua kama ni ya kweli. Mama Mukarurangwa iko na mukono wa kuvunjika juu ya sauti yangu. Munisamehe." Kisha akamtaja kwa jina aliyeileta.

Simu zilianza kabla hajafika nyumbani, "Tunajua njia unapitia," na watu wa hapa walisema amenunuliwa, na watu wa milimani baadhi yao hawakumsamehe. Kipindi alinyang'anywa, akaachiwa matangazo ya vifo. Watoto aliwapeleka Lulimba kwa shangazi yao, akawa analala leo kwetu, kesho kwa mama, na pikipiki ikisimama nje alikata neno katikati mpaka iondoke.

Tarehe 21 Septemba alianguka jikoni kwa ugonjwa wa presha, upande wa kushoto ukafa. Mama Mukarurangwa alikuja hospitali uso umefunikwa kitenge, akamshika mkono na kusema, "Dada, siku ile uliomba msamaha mi nilisikia radio," na dada akatoa machozi. Alituacha Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Jana mtu fulani aliiomba familia iruke ukurasa huu wa komunike. Mama Marthe ndiye aliyesema usomwe, nami nimeusoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta maji na kuni, wafanyakazi wenzake wa radio mliothubutu kuja, na wale walioogopa kuonekana hapa, wanaomlilia nyumbani huku mlango umefungwa, hatuwalaumu, maana sisi pia tutatoka makaburini mapema.

Dada, simu yako tumeizima. Pumzika sasa, kwa amani yote uliyoikosa huku.