Alama Tatu za Rangi ya Kucha

Benchi letu lipo kona ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, mbele ya duka la vitenge la Ansbert, ambaye sisi tunamwita Mangi. Lina alama tatu za rangi nyekundu ya kucha, moja kila ncha na moja katikati, na Fikirini muuza kahawa akilifuta asubuhi huzipitia taratibu zisije zikabanduka. Ukitaka kukaa hapo sharti uijue historia yake, la sivyo nyamaza unywe kahawa yako. Siku hiyo redio ilikuwa imetangaza homa mpya inayozunguka dunia, na Mzee Mwinyimvua alifika amenuna, kofia imekaa upande.

— Mkwe wangu Mboni haendi kliniki tena, alisema kabla hata hajakaa. — Ana mimba ya miezi saba. Ismail mwanangu yuko bandarini usiku na mchana, mkubwa wa nyumba ni mimi, na mimi nimeshasema.

— Hapo umeongea, mzee! alidakia Abubakary, ambaye kwa kusikiliza vipindi vya afya tu amejipa udaktari. Tunamwita Dokta Redio. — Kinga ni bora kuliko tiba. Sasa tiba si ipo hospitali? Basi kinga ni kutokwenda!

— Na haraka haraka haina baraka, alisema Mangi. — Mimba ni miezi tisa. Kila mara kwenda kuchungulia ya nini? Mtoto atatoka tu, hana pengine pa kwenda.

— Halafu mjamzito anavuta hewa ya watu wawili, Dokta akaendelea, kidole juu. — Kwa hiyo homa anaipata mara mbili. Akipanda kwenye mizani, na homa nayo inapimwa. Ikishajua uzito wake, inamfuata mpaka nyumbani!

— Inapanda bajaji? nikamuuliza.

— Inapanda, tena hailipi nauli.

Tukacheka. Fikirini hakucheka. Alimimina kahawa, akamkabidhi Mwinyimvua kikombe, akasema polepole:

— Nesi Severa angewasikia nyie.

Kila mtu akaanza kutabasamu peke yake. Maana Nesi Severa, mstaafu wa kule Upanga, ndiye mwenye zile alama. Kipindi cha korona wajawazito wa mtaa huu waliogopa hospitali, na wengine walikatazwa na waume zao. Asubuhi moja akaja na mashine yake ya presha, akatutimua wote, akatoa kichupa cha rangi ya kucha kwenye pochi na kupaka benchi letu bila kuomba ruhusa. Kina mama wakawa wanakaa watatu watatu, kila mmoja kwenye alama yake, wasisogeleane.

— Mnaikumbuka ile ndoo yetu ya kunawia? alisema Mangi. — Na watu walivyokuwa wakijifukiza, mtaa mzima unanukia tangawizi na limau! Na sisi tumesimama pale kwenye nguzo, vikombe mkononi, kama wanafunzi waliofukuzwa ada.

— Mume akijibu badala ya mkewe, je? Dokta akaiga sauti nzito ya Nesi. — "Nimemuuliza yeye! Wewe kanywe kahawa!"

— Aliniambia mimi hivyo, alisema Mwinyimvua, na uso ukamlainika. — Siku alipopimwa binti yangu Tatu. Nikajibu mimi: hana tatizo, anakula vizuri. Nesi hata hakunitazama. Akapima, akarudia, akasema huyu harudi nyumbani, anaenda hospitali sasa hivi. Mimi nasema korona, yeye anasema bajaji!

— Na bajaji ikapatikana, alisema Fikirini.

— Ikapatikana. Leo mjukuu wangu anasoma. Kwenye cheti ni Maimuna, lakini nyumbani kwangu anaitwa Severa.

Nilimkumbuka sana yule mama. Mwaka juzi tulimsafirisha kwenda kuzikwa kwao Rombo, na tangu hapo hakuna aliyetutimua tena kwenye benchi. Kusema kweli, natamani nitimuliwe.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Alikuwa Mboni, mkwe wa Mwinyimvua, ametembea mpaka anahema, kadi ya kliniki mkononi.

— Baba, hospitali umenikataza, na kubishana na wewe siwezi. Lakini tangu juzi kichwa kinaniuma, na miguu imevimba, viatu haviingii. Wifi Tatu kaniambia kipindi cha korona yeye alipimwa hapa. Nimekuja nipimwe. Nikae alama ipi?

Dokta Redio alichungulia ndani ya kikombe chake. Mangi akasimama, Dokta akasimama, na mimi nikajikuta nimesimama. Miili yetu ilikuwa bado inakumbuka. Akabaki Mwinyimvua peke yake, amekalia alama ya katikati, ileile aliyokaa Tatu.

— Baba? Nikae wapi?

Mzee akaitazama ile kadi ya kliniki.

— Aliyekuwa anajua hayupo, mwanangu. Wewe mwenyewe unatakaje?

— Nataka kwenda kliniki, baba.

Mwinyimvua akainuka, akaiweka kofia yake sawa, akaenda mpaka ukingoni mwa barabara, mkono juu, kuita bajaji. Fikirini akampigia kelele kwamba kahawa yake hajaigusa.

— Mpe Dokta, alisema bila kugeuka. — Ajikinge nayo.