Misumari Kumi na Minane ya Mzee Absalom

Leo, tarehe 30 Septemba 2025, Mzee Absalom Wekulo, fundi wa vifaa wa hospitali yetu hapa Mtopanga, anastaafu baada ya kutumika miaka thelathini na mmoja na miezi saba. Aliajiriwa Machi 1994 kushughulikia balbu na mifereji. Jana alinikabidhi ufunguo wa kabati la wodi ya watoto, na Sista Margret, msimamizi wetu wa wodi, akaniambia, kwa kuwa ufunguo ni wako, wewe ndiye utakayeandika maneno ya kumuaga.

Kazi zake nyingi mnazijua. Mashine ya kuvutia dawa ya watoto wa pumu aliifufua mara nne, moja kati ya hizo kwa chuchu ya chupa ya maziwa. Jenereta haikuwa ikimsikia mtu ila yeye. Aliogopa mijusi, na watoto walilijua hilo. Kwenye gemu ya mpira, ile watoto wanayocheza kwenye runinga ya wodi, alifungwa miaka yote, na kila akifungwa alilaumu kidude cha kuchezea, ambacho alikuwa amekitengeneza mwenyewe asubuhi ile ile. Nesi Jalila alizoea kumwambia, “Fundi, hata refa umemtengeneza wewe, na bado unapigwa!”

Lakini mimi nataka niandike habari za misumari.

Mwaka 2003 wodi ilipewa mashine ya gemu iliyokwisha tumika. Mashine za wakati ule hazikuweka kitu ndani yake. Mtoto alipofika kwenye mchezo palihifadhiwa kwenye kadi ndogo inayotosha kiganjani, unaichomeka, ukimaliza unaichomoa. Mzee alizitafuta kadi moja moja kwa mafundi wenzake, akazifunga uzi, akaandika majina juu ya plasta, akazitundika kwenye ubao wenye misumari kumi na minane. Kila mtoto wa seli mundu, wale wanaolazwa, wakaruhusiwa, wakalazwa tena, akawa na msumari wake. Akienda nyumbani, kadi inamngoja.

Mtoto akifariki, Mzee aliitoa kadi, akaitia kwenye bahasha, akampa mama yake. Hakuwatangazia watoto. Lakini watoto huhesabu.

Mwaka 2022 tukaletewa mashine mpya, zawadi ya wafanyakazi wa bandarini. Siku ya kwanza Mzee aliifungua kwa bisibisi kabla mtoto yeyote hajaigusa, na Sista nusura azimie. Alieleza kwamba zile zilizokuja baada ya za kadi zilikuwa na diski ya ndani, unafungua skrubu unaihamisha. Hii mpya imewekewa hifadhi ya kasi sana, lakini imelehemiwa kwenye bodi, haitoki. Na gemu zake hazikubali kunakiliwa kwenye flashi. “Aliyeiunda aliwaza kasi,” alisema. “Hakumuwaza mtoto anayekwenda na kurudi. Hii ikifa, inakwenda na wote.” Akaifungia betri ya kompyuta kuukuu ili stima ikipotea isizimike ghafla. Sisi tulimcheka. Ubao wa misumari ukapelekwa stoo wodi ilipopakwa rangi.

Mwezi wa Mei mwaka huu mimi nilikuwa nimerudi kutoka likizo ya uzazi, wiki ya pili, mwanangu anaota meno na halali. Mashine ikaandika kwamba nafasi imejaa. Katika wodi yetu mtoto akiondoka tunatoa shuka, tunafuta godoro kwa dawa, tunasafisha kabati na vinyago, ili anayekuja akute safi. Nikatazama majina kwenye kioo. Sita kati yao, vitanda vyao nilikwisha kuvitandua. Nikayafuta majina sita kama ninavyofuta godoro. Hakuna aliyenituma.

Tarehe 3 Juni, Kache wa Chaani alilazwa tena. Ana miaka tisa. Kwenye gemu alikuwa na nyumba na shamba alilolijenga mwaka mzima, kila akilazwa anaongeza ukuta. Alilitafuta jina lake mara tatu. Kisha akaniuliza polepole, “Anti Nyevu, mlijua sirudi?”

Nikamjibu, “Ni mashine tu, mama.” Jibu hilo ningalipenda kulimeza.

Akageukia ukutani. Siku mbili hakutaka maji, na mtoto wa seli mundu asipokunywa maji sote tunajua kinachokuja. Mshipa wa kuwekea dripu haukupatikana mkono huu wala huu. Jalila alitoka nje akaniambia kwa sauti ya chini, “Huyu ameamua, wallahi.” Nilimfikiria wangu nyumbani.

Mzee Absalom alikuja akaketi sakafuni karibu na kitanda. Hakumletea hadithi. “Nimeifungua, nimetafuta. Haimo. Sikudanganyi.”

Kache hakugeuka. “Babu, wale uliotoa kadi zao, uliwaambia kwanza?”

Mzee akajibu, “La.”

“Basi mimi uniambie.”

“Wewe sijakutoa. Aliyekufuta ni mtu aliyekosa usingizi, si daktari.”

Akaenda stoo, akarudi na mashine kuukuu na ubao umejaa vumbi. Akasafisha kadi kwa pamba na spiriti, akaandika KACHE juu ya plasta mpya. Mtoto alichagua mwenyewe msumari wa kumi na nne. “Nikisevu humu, nani ataweza kufuta?” akauliza. “Aliyeishika mkononi,” Mzee akamjibu, akamwekea kadi kiganjani. Kache aliomba maji, akanywa nusu kikombe. Mimi nilikwenda kulilia kwenye chumba cha shuka.

Mzee hakunigombeza hata mara moja. Aliniambia tu, “Nyevu, kitanda tunampa mwingine. Jina hatumpi mwingine.” Tangu siku hiyo akawa ananifundisha: kadi isichomolewe taa ikiwaka, isiachwe juani, ishikwe pembeni. Za akiba zimebaki mbili, na zimenishinda umri kwa miaka michache tu. Zinazouzwa sasa nyingi ni bandia, zinasahau. Kwa hiyo nasema hapa mbele ya wakubwa wetu: mashine ile isitupwe, na ubao usiondolewe tena kwa sababu ya rangi.

Kache alipata nafuu akaruhusiwa, lakini hakuja kliniki Alhamisi mbili zilizopita. Simu ya mama yake haipatikani. Jumapili Mzee alifunga safari hadi Chaani, akakuta mlango una kufuli, na jirani hajui walikokwenda. Alirudi moja kwa moja wodini, akaifuta kadi ya kumi na nne vumbi, akaitundika. Siku hizi nikiingia zamu natazama ubao kabla sijatazama vitanda.

Mzee wetu, ahsante kwa kila ulichokifufua, na kwa vile vilivyokushinda ukatuambia ukweli. Nenda Bungoma salama, Mungu akupe afya, na wajukuu wakufunge mabao mengi. Alhamisi jioni, kliniki ikiisha, nitakupigia simu, liwe la heri, lisiwe. Kadi iko palepale, na siitoi mpaka nijue.

Nyevu Kiponda
Msaidizi, Wodi ya Watoto