Bwana Kivipi Anastaafu, Kisima Kirefu Kimekauka

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Idara ya Vipimo inamuaga mkaguzi wake mkuu wa mizani baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa za utumishi. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe. Mimi niliandika "zaidi ya miaka thelathini", rasimu ikarudi masjala imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: zaidi kwa kiasi gani?

Ndiyo maana ofisi nzima, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, humwita Bwana Kivipi. Ukimwambia mvua itanyesha, atauliza kivipi. Ukimwambia ulimkumbuka sana alipokuwa likizo, atataka kujua ilikuwa siku gani na ulikuwa unafanya nini.

Alianza kazi akibeba sanduku la mawe ya mizani begani, kilo ishirini kamili, kwa sababu gari la idara lilikuwa bovu. Amepima mizani za wachinjaji, za wauza saruji na za kliniki za watoto wachanga. Amefundisha wakaguzi kumi na wanne, na wote wanamwogopa hadi leo. Kwenye harusi ya binti yake, mshereheshaji alipotangaza kwamba maharusi wana upendo usio na kipimo, baba wa bibi harusi alionekana akitikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi.

Wengi hawajui kwamba alikuwa na kazi ya pili, isiyo na mshahara. Kila siku wakati wa chakula cha mchana alifungua simu na kuingia Ukumbi wa Wanafalsafa, kundi la mtandaoni lenye watu elfu kumi na moja wanaojadili uhai, ukweli na nafsi, wengi wao wakiwa kazini. Humo alimkuta mtu aliyejiita Kisima Kirefu. Kisima Kirefu aliandika mambo kama "Ukimya ni sauti iliyokomaa", na alama za moyo zikamiminika. Bwana Kivipi akauliza kivipi. Akajibiwa kwamba swali lake limetoka kichwani, ilhali jibu linakaa moyoni, na anayeuliza bado hajafika. Mioyo ikaongezeka. Mwingine alipoeleza kwamba kila wazo lina mtetemo wake, Bwana Kivipi aliuliza ni mitetemo mingapi kwa sekunde, akajitolea kuja na kifaa cha idara.

Msidhani alikuwa na kambi. Wapo humo wenye mantiki waliokariri majina ya makosa yote ya hoja, wakiyataja kama watu wanavyotaja wachezaji wa timu zao, ila hoja yenyewe hawajawahi kuisoma hadi mwisho. Hao nao aliwauliza kivipi, nao wakamchukia sawasawa.

Silaha yake aliitoa kazini. Mkaguzi akishapima, huhamisha mzigo na jiwe, kila kimoja kikakaa kwenye sahani ya mwenzake. Mizani ya haki haitajali. Bwana Kivipi aligundua kwamba kwa sentensi yenye maana ni kinyume. Ukisema ng'ombe hula majani, kisha ukageuza, hata mtoto atakucheka. Basi akachukua "Ukimya ni sauti iliyokomaa" akaandika chini yake "Sauti ni ukimya uliokomaa", bila maelezo. Kufikia jioni sentensi yake ilikuwa na mioyo mingi kuliko ile ya kwanza. Debe tupu, alisema, ukilipindua linavuma vilevile.

Sasa niseme lililonifanya niombe kuandika wasifu huu. Kisima Kirefu ni mimi, karani wa masjala, meza ya tatu kutoka dirishani.

Miaka kumi na sita nimeandika "Rejea barua yako ya tarehe tajwa", na hakuna aliyewahi kunishukuru. Kule mtandaoni niliandika mstari mmoja nikila chapati, watu mia nane wakaniambia wamelia. Nilipenda, sitaficha. Siku moja nikaandika: "Jicho likififia, ndipo moyo huanza kuona." Mioyo elfu moja na mia moja.

Nyumbani, mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tarehe ya upasuaji ilikuwa imepangwa, na daktari alishaonya kwamba jicho la kushoto likiachwa zaidi kazi itakuwa ngumu. Dada yangu humsomea mama mambo ya kwenye simu kila jioni. Jumapili mama akatangaza kwamba haendi hospitali tena. Kuna mtu mmoja mwenye hekima, alisema, anaitwa Kisima Kirefu, ameeleza vizuri kuliko daktari.

Nililikoroga mimi, na aliyekuwa analinywa ni mama. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Usiku huohuo nikaandika kwa jina la Kisima Kirefu, waziwazi: "Mwenye jicho bovu aende hospitali." Asubuhi nikakuta mchangiaji mmoja ameshafafanua kwamba hospitali ni nafsi, daktari ni ukimya, na foleni ni subira. Mama alisomewa yote, akafurahi sana. Alisema basi yeye yuko hospitali tayari.

Nikamwendea Bwana Kivipi wakati wa chai, nikawalaani watu wa mtandaoni kana kwamba siwajui. Alikoroga chai yake. Kisha akasema kwa upole kwamba Kisima Kirefu huandika kati ya saa saba na dakika kumi na saa nane kasorobo, siku za kazi tu, na kwamba mwezi niliokuwa likizo kisima kilikauka kabisa. Alilijua hilo kwa mwaka mmoja na nusu. Hakumwambia mtu. Nilipomwomba aje nyumbani amweleze mama, alikataa. Mizani ikikutwa mbovu, alisema, mkaguzi haiondoi. Mwenye duka ndiye anayeitoa mezani kwa mikono yake, mbele ya wateja wake.

Mficha uchi hazai. Jioni ile nilipiga magoti mbele ya mama nikamwambia Kisima Kirefu ni mimi. Alininyooshea mkono, akanipapasa uso kuanzia paji hadi kidevu, kama anayehakikisha.

"Kumbe ni wewe tu?" alisema. "Hebu nitafutie viatu vyangu, kesho twende."

Siku ya upasuaji Bwana Kivipi aliomba ruhusa ya nusu siku, akaja kukaa nasi kwenye benchi. Nilimwona midomo inamcheza, macho ameyafumba. Baadaye alidai alikuwa akihesabu vibao vya dari. Sikumdai ushahidi.

Bwana Kivipi, idara inakushukuru kwa mizani ulizozinyoosha, na mimi nakushukuru kwa kunitunzia aibu yangu hadi nikaweza kuibeba mwenyewe. Najua tukikutakia maisha mema utauliza mema kivipi, kwa hiyo tunaandika yanayoweza kukaguliwa: magoti yapande ngazi za nyumba yako bila kupumzika katikati, binti yako apige simu walau mara mbili kwa wiki, na upate jirani mmoja wa kubishana naye asiyekasirika. Yasipotimia, uje utuambie tumekosea.

Mama atakuwepo kwenye sherehe, safu ya mbele. Ameniuliza atakutambuaje katika umati wote ule. Nimemwambia akutafute mwenyewe, macho anayo.