Mwalimu Théodore Lemi na Paa Lililoezekwa Upya

Viongozi wa dini, wazee wa pande zote mbili za ukoo, walimu, wanafunzi wa zamani na majirani wa Arua, Koboko na Dadamu, familia inawasalimu katika alasiri hii ya Alhamisi, tarehe 14 Septemba 1978, na inawaomba msikilize kwa utulivu safari ya maisha ya mpendwa wetu, Mwalimu Théodore Lemi, kabla hatujamkabidhi kwa udongo.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1936 huko Ingbokolo, upande wa Kongo, akapata elimu ya msingi katika shule ya misheni ya Aru, ambako alijifunza kuandika kwa mwandiko wa kulala, kutumikia misa na kuuliza maswali, na hilo la tatu ndilo lililomletea fimbo nyingi. Mwaka 1964, machafuko yalipozidi kwao, alivuka mpaka akafundisha shule ya msingi Koboko, akaenda Kampala kusomea ualimu wa sayansi, na tarehe 1 Februari 1971 akaanza kufundisha elimu ya viumbe katika shule moja ya sekondari mjini Arua. Waliosoma kwake miaka ile wanaikumbuka suruali yake ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa, vumbi la chaki kwenye nyusi zake, na chai ya Jumamosi barazani kwake, wakati sukari ilikuwa bado inapatikana dukani kama chumvi.

Jumamosi, tarehe 8 Januari 1972, alifunga ndoa takatifu na Bi Candiru, binti wa Dadamu, na tarehe 17 Februari 1973 Mungu akawajalia mtoto wao wa pekee, Sidonie. Kwa desturi ya wakwe zake, mjomba ndiye humtemea mtoto wa dada yake mate mepesi ya baraka kwenye paji la uso, kisha hula katika nyumba ile, na mtoto asiyefanyiwa hivyo mama yake hatulii moyo. Mjomba huyo ni kaka mkubwa wa Bi Candiru, Katekista Albert, ambaye mnamwona ameketi pale karibu na jeneza.

Siku iliyopangwa ilikuwa Jumapili, tarehe 10 Machi 1974, na chakula kilipokuwa kimekwisha kupakuliwa, vijana wakamwomba mwalimu awaeleze kuhusu kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, wanaoletwa soko la Koboko kutoka bonde lenye joto la mto Nile. Marehemu akawaeleza, kama alivyokuwa akifundisha darasani, kwamba joto liliwapukutisha mababu wa kuku hao manyoya, wakarithisha upara huo kwa watoto wao, na kwamba kwa njia kama hiyo, katika muda mrefu mno, viumbe vyote hugeuka. Katekista Albert akacheka, akasema, "Ati jua imekuwa kinyozi? Shemeji, shingo hii iko na Fundi aliyeipima mbele, kama fundi wa koti anavyopima shingo ya mutu!" Wageni wakacheka sana, na marehemu, aliyekuwa mwepesi wa ulimi, akajibu, "Katekista, kitabu chako hakijafuga kuku hata mmoja," ndipo Albert akaweka sahani chini, akanawa mikono ambayo haikuwa imeshika chakula, akaondoka, na mtoto akabaki bila baraka.

Miaka ilipita, Bi Candiru hakuwahi kumlaumu mumewe kwa maneno, lakini kila kaka yake alipopita barabarani bila kuingia alimchukua Sidonie akampeleka nyuma ya nyumba, na jambo hilo lilimkata marehemu maini. Alijua kwamba kuacha kufundisha nadharia yake kungemrudisha shemeji mezani, naye hakutaka kuinunua amani kwa uongo, kwa hiyo akanunua jogoo na matetea wa kishingo Koboko, akawafuga hapa penye ubaridi wa asubuhi, akitarajia kwamba wajukuu wao wangeanza kurudisha manyoya. Hawakurudisha, vifaranga vya kila kizazi vilitoka kwenye yai na shingo tupu kama vya bondeni, na marehemu akaona wazi kwamba jua halikunyoa kitu.

Ijumaa, tarehe 1 Julai 1977, alisimama mbele ya wanafunzi wake na wazazi waliokuja kwa sherehe ya shule, Katekista Albert akiwa miongoni mwao, akatamka kwamba alilofundisha lilikuwa kosa, kwamba kuku huzaliwa wakitofautiana, na bonde lenye joto huwapa nafasi zaidi wale wenye shingo tupu waishi na kutaga. Albert akapaza sauti, "Basi yote imeanguka, Mwalimu!" naye akajibu kwa upole, "Hapana, shemeji, paa ya nyasi ikivuja hatulali nje, tunakata nyasi mpya, tunaianika, halafu tunaezeka, na nyumba bado iko." Albert akauliza, "Na hii mpya ikivuja?" akajibiwa, "Nitapanda tena juu ya paa. Lakini wewe niambie, akizaliwa kuku wa namna gani, utasema Fundi wako hayuko?" Katekista akasema, "Hakuna kuku kama huyo, na hiyo ndiyo imani," marehemu akasema, "Basi tunauliza maswali mawili tofauti, na mimi nilikutukana bure."

Jumapili iliyofuata Katekista Albert aliingia katika nyumba hii, akamtemea Sidonie baraka, akala hadi sahani ikang'aa, akitangaza kwamba hajashindwa, ila mtu anayeweza kusema "nimekosa" mbele za watu anafaa kula naye. Aliondoka na tetea wa kishingo kwapani.

Marehemu alianza kuugua ini mwezi Mei mwaka huu, akalazwa Agosti, na shemeji yake hakukosa kumtembelea. Siku moja alileta kikapuni kifaranga cha tetea yule na jogoo wake wa kawaida, shingo iko wazi lakini ina kishada kidogo cha manyoya mbele, akauliza, "Huyu je, ni Fundi yangu ama ni nyasi yako?" Marehemu alikitazama kwa furaha ambayo Bi Candiru anasema hakuwa ameiona tangu chai za Jumamosi, akasema, "Sijui bado, shemeji. Mwache akue, tuone watoto wake." Alifariki Jumanne, tarehe 12 Septemba 1978, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni, maji na unga katika wakati huu mgumu, na walimu wenzake waliolibeba jeneza. Katekista Albert, atakayeongoza sala ya kaburini, ameomba tutangaze neno moja kwa wanaopika: katika matanga haya kuku wa kishingo wasichinjwe, wala yule mwenye kishada, kwa sababu mwalimu alikuwa hajamaliza kuwauliza.

Mwalimu Théodore, amani iwe juu ya usingizi wako, paa tutalitazama sisi.