Msumeno Unaokata Upande

Zimeni kwanza huo msumeno, wanangu, mnisikilize, maana nikingoja mnitoe ndipo niseme, huenda mkamtoa asiyesema. Mkaratusi umeulalia mlango wangu tangu upepo wa jana, na ukuta ndio unaoubeba, kwa hiyo asitokee mwerevu wa kuubomoa. Nami mgonjwa wenu nimebaki na kidirisha hiki cha nondo, nahema kama kuku tengani, huku mke wa kinyozi kaegemea ua, masikio wazi. Sogea shoga, usikie vizuri, usije ukaongeza chumvi!

Baba yenu aliununua msumeno huu ukiwa mkuukuu, akauponya, akawaachia nyote wawili. Nanyi mkagawana mpaka meno! Mkubwa ananoa ya kulia, mdogo ya kushoto, salamu hakuna. Mmoja anasugua tupa kwa hasira, mwingine anapapasa tu. Ndiyo maana unakata upande, unabanwa ndani ya gogo. Ndugu wakigombana, shikeni jembe mkalime, wahenga walisema. Ninyi mmeshika msumeno, na aliyebanwa ni mama yenu.

Haya, kaeni chini pamoja. Tafuteni jino fupi kuliko yote, na mengine yote, kulia na kushoto, yanolewe yalingane nalo. Mkubwa, noa, mdogo, shika mnyororo wa meno usicheze. Vile vinundu vya mbele ya meno vipunguzeni kidogo tu, mkizidisha msumeno utawarukia usoni. Kung'uteni chujio la hewa. Mnyororo ukumbatie lile bapa la chuma unalolizunguka, lakini uvutike kwa mkono. Injini ikinguruma polepole, mnyororo utulie. Ukizunguka, legezeni skrubu ya... hiyo, hiyo.

Mnacheka nini? Eti mama fundi? Mmecheka pamoja, nimewasikia.

Cherehani yangu apewe mkwe mdogo. Mnasema ana mdomo; mdomo huo ndio ulionichangamsha humu kitandani. Kiwanja kisikatwe. Msumeno usiuzwe, na atakayeunoa, aunoe wote.

Pumzi... ngojeni. Anzeni kukata juu, kidogo, kisha mmalizie kwa chini, msumeno usibanwe tena. Mungu awape mikono inayosikilizana, awape watoto wasiogawana meno.

Washeni sasa. Mkifungua mkanikuta kimya, msiulizane nani kachelewesha. Ingieni wote wawili, mnifumbe macho. Na huyo wa uani mwambieni... mama alichoka kusema.

Hatawaamini.