Bahati Nasibu ya Marlys

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi ile Marlys Odegaard alikuwa akisoma tangazo la chakula cha mchana. Alilisoma kila siku ya shule. Alikuwa karani wa shule yetu hapa Brekke, Wisconsin, shule moja ya mji mzima, wadogo na wakubwa, na kipaza sauti kilikaa mezani kwake.

"Leo ni pizza," alisema. "Wanaodai ina ladha ya kadibodi, nawakumbusha kwamba kadibodi haina jibini. Na kwa upande wa matunda tuna..."

Akanyamaza. Watoto wakasubiri hilo tunda. Kisha sauti ile ile, bila kupanda, ikasema, "Walimu, fungeni milango. Haya si mazoezi, wanangu. Laleni chini." Akarudia. Alikuwa bado anarudia risasi zilipomkuta.

Watoto wote walirudi nyumbani siku ile. Marlys hakurudi. Aliyempiga alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa pale pale. Jina lake silitaji. Bunduki aliitoa kwenye kabati la baba yake, na ufunguo ulikuwa juu ya kabati hilo hilo.

Leo tunamkumbuka Marlys. Alizaliwa katika shamba la ng'ombe wa maziwa, akaolewa na Verlyn, dereva wa lori la maziwa. Binti yao, Solveig, ameniambia kwamba droo ya mama yake ofisini ilijaa glavu. "Mtoto akija mikono mitupu wakati wa theluji, Mama alimwambia, 'Hizi zinanijazia droo bure, hebu nitunzie.' Hakutaka mtoto ajue kwamba anasaidiwa."

Verlyn ni mtu wa maneno machache. Na mnajua jinsi tunavyosema huku kwetu. Mtu akikuambia mapishi yako ni ya tofauti, usimpakulie tena. Verlyn alikuwa bingwa wa neno hilo. Muuza matrekta akimsumbua, Verlyn alisema, "Hilo ni la tofauti," na Marlys alimalizia kutoka jikoni, "Anamaanisha hapana, bwana. Ila mama yake alimlea vizuri." Wakacheka hivyo maisha yao yote.

Baada ya mazishi, mji ulianza kutafuta sababu. Verlyn alikaa chini kwenye ukumbi wa kanisa, kahawa ikimpoa mkononi, akisikiliza. Huyu alisema ni michezo ya kompyuta. Yule akasema ni talaka ya wazazi wa kijana. Mwingine akalaumu mlango wa ofisi, kwamba ulikuwa wa mbao. Alikuja mtaalamu kutoka Madison, akasema kwa uaminifu kwamba hakuna sababu moja inayotosha kueleza tendo la kijana wa namna ile, na kwamba wengi wanaofanana naye hawamdhuru mtu. Watu wakatikisa vichwa, wakarudi kwenye hoja ya mlango. Mlango unaeleweka. Mlango una bei.

Neno bunduki halikutajwa. Walisema "tukio". Walisema "usalama". Verlyn aliniambia kila walipolisema neno "tukio" alihisi mdomo wake umejaa maziwa yaliyochacha.

Kisha Duane Paszek, mkuu wa kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea, akaja nyumbani na bakuli la tambi na nyama zilizookwa na mkewe. Alikuwa na habari njema. Mwaka huu fedha za bahati nasibu ya zimamoto zingenunua mlango wa chuma wa ofisi ya shule, na bahati nasibu ingeitwa kwa jina la Marlys. Wangemwomba Verlyn achomoe tiketi ya mshindi.

Verlyn aliuliza zawadi ni nini.

Ile ile ya kila mwaka, Duane akajibu. Bunduki ya kuwindia kulungu.

Wasikilizaji wapendwa, narudia, maana hata mimi nilipoambiwa niliomba nirudiwe. Bunduki ishindaniwe, ili mlango ununuliwe, ili bunduki isipite. Na juu yake jina la mwanamke aliyeuawa kwa bunduki.

Verlyn alitazama bakuli. "Hilo ni la tofauti," alisema.

Jikoni hapakuwa na mtu wa kumalizia. Duane akampigapiga begani, akashukuru, akaondoka kuchapisha tiketi.

Ijumaa iliyopita ukumbi wa zimamoto ulijaa. Samaki walikaangwa, watoto walikimbia chini ya meza. Picha ya Marlys ilisimamishwa kando ya ile bunduki, zote mbili zimefungwa utepe mmoja. Nilikuwepo. Duane alimkabidhi Verlyn kipaza sauti na ndoo ya tiketi.

Kwa Solveig, kwa Verlyn, na kwa kila mtoto aliyelala sakafuni asubuhi ile, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize ni jambo gani tumelimeza kwa adabu, na nani ameumia tukilimeza. Sisemi zaidi. Maneno ni ya Verlyn.

Verlyn hakutia mkono ndooni. Aliiweka sakafuni.

"Duane, uliponijia nilisema hili ni la tofauti. Ukachukulia kwamba nimekubali, na kosa si lako peke yako, mimi ndiye niliyenyamaza. Nawinda tangu utotoni, nyote mnajua. Lakini mke wangu aliuawa kwa bunduki. Bunduki, jamani. Si tukio. Toeni jina lake hapo. Nilimaanisha hapana. Nilimaanisha mnanichefua."