Da Dorothea na Tope Lililopinduka

Miaka ishirini na sita! Pale mtaa wa biashara wa Yide Lu watu wamefungua maduka, wamefilisika, wamefungua tena, na yeye yuko palepale kwenye darubini. Tarehe 28 Novemba 2025 Dada Dorothea Shemweta, fundi wa maabara ya chavua ya chuo chetu hapa Guangzhou, anavua koti jeupe na kustaafu.

Kamati ya kumuaga ilitafuta msomi wa kuandika wasifu huu. Hakupatikana, wakaja kwangu mimi dereva na mbeba mizigo wa maabara, na kwa kweli wamebahatika. Shule sikukaa, lakini tope lote alilosoma huyu mama nimelibeba mimi toka uwanja wa ndege wa Baiyun kwa haya mabega, na sijaangusha hata tone. Mwenye ubishi aje tushindane kunyanyua.

Dorothea alitoka Lushoto mwaka 1999 kwa skolashipu, akiwa na sweta mbili na Kichina sifuri. Alipomaliza masomo wakamng'ang'ania abaki kazini. Sasa ninyi wauza nguo wa Xintang msiojua kingine zaidi ya jinzi, ngoja niwaeleze hiyo kazi. Kaskazini ya mbali, kule miti inapokomea kwa sababu ya baridi, kuna maziwa. Kila mwaka upepo unamwaga vumbi la maua ziwani, linazama, tope linalifunika. Vumbi hilo ndo chavua, na haliozi hata miaka elfu kumi. Watu wanatoboa barafu, wanashindilia bomba, wanachomoa tope refu kama muwa. La chini la kale, la juu la juzi.

Dorothea analichemsha na asidi, analichuja, linalobaki analiweka kwenye kioo na kuhesabu punje mia tatu, moja moja. Punje ya msprusi, ndugu yake msonobari, ina vifuko viwili vya hewa. Anasema inafanana na mimi nikivimbisha mashavu kujisifu. Akimaliza anakwambia hapa palikuwa na msitu, hapa nyasi tupu, hapa mierebi ya kufika magotini. Anayasema hayo kakaa Guangzhou, jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi!

Mwaka 2011 walimpeleka akalione ziwa lenyewe. Tulingoja habari za dubu na theluji. Akarudi kavimba uso mzima, analalamika kwamba mbu wa kule ni wengi kuliko wa Tanga na hawana adabu.

Lakini makubwa ni ya Oktoba 2014. Bosi wetu, Profesa Liang, alikuwa anakwenda kuhutubia mkutano mkubwa baada ya siku tano. Tope la ziwa jipya lilikuwa limeshakatwa na kuwekwa kwenye chupa, na hesabu zilionyesha zamani msitu, sasa nyasi. Profesa akafurahi, hotuba akaiandika: baridi iliua msitu. Wiki hiyohiyo mkataba wa Dorothea ulikuwa mezani kwake unangoja sahihi, na wote mnajua, bila mkataba hakuna kibali cha kuishi hapa.

Dorothea akagoma. Alisema chupa ya kwanza, ambayo ingekuwa tope la juzi, imejaa mchanga uliosagwa na barafu na chavua haba, kama tope la kale lilivyo. Ya mwisho, ambayo ingekuwa ya kale, chavua zake nono, hazina mkwaruzo, kama za juzi. Profesa akamjibu labda mto ulifurika. Akaongeza kwamba wakibadilisha habari dakika za mwisho, watu watauliza nani anashika tope ovyo, na mtu wa namna hiyo yeye hawezi kumtilia sahihi.

Mwingine angenyamaza achukue mkataba wake. Huyu akaingia chumba cha baridi, akatoa nusu ya bomba iliyobaki, maana hupasuliwa kwa urefu, akabandua gamutepu yangu, ule utepe wa gundi wa kufungia mizigo. Chini yake kulikuwa na mshale wa wale waliotoboa barafu, unaelekea kinyume kabisa na ule uliochorwa juu ya gamutepu. Akaniita mimi, Abdulwakil.

"Kaka Wakili, huu mshale wa juu wa nani?"

"Wangu," nikasema. "Fungulia hapa."

Ndugu zangu wa mizigo, mnielewe. Sisi tuliofunga mizigo Yide Lu miaka kumi, mshale tunaochora maana yake fungulia hapa. Bomba lilifika gamutepu yake imelowa, nikalifunga upya kwa ufundi wa hali ya juu, nikachora mshale mzuri mwekundu. Kumbe kwa wasomi mshale maana yake huku ndo juu. Fundi wa kukata akaufuata, miaka elfu tisa ikasimama kichwa chini!

Kibali changu nacho kilikuwa kinaning'inia kwenye maabara hiyohiyo. Dorothea akalibeba bomba mwenyewe mpaka kwa Profesa, mimi nyuma yake nimeufyata mkia, na nilimsikia kwa masikio yangu.

"Tumekosea sisi wa maabara," alisema. "Ziwa halijakosea."

Profesa akauliza nani. Dorothea akajibu aandike jina lake yeye, maana chumba cha baridi ni chake. Kisha akakaa siku nne akahesabu upya chupa zote, kwa macho mekundu kama pilipili, ili pasiwe na shaka hata ya punje moja. Ikatoka wazi: kwanza nyasi na mierebi mifupi, halafu betula, mti wenye gome jeupe, mwisho msprusi. Msitu haukufa, msitu ulikuja! Profesa akahutubia hivyo, wakampigia makofi, akarudi akatia sahihi mkataba.

Ila kwenye daftari la maabara, ukurasa wa tarehe 17 Oktoba 2014, Profesa alikuwa ameshaandika: sampuli ilipinduliwa, mhusika Dorothea. Mara mbili nafasi ya ukuu wa maabara ilitokea, mara mbili ukurasa huo ukafunguliwa, akapewa mwingine. Dorothea hakunitaja. Na mimi, mwenye mdomo mpana kuliko Mto Lulu, nilikaa kimya miaka kumi na moja.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Profesa Liang nikamwambia yote. Akaniuliza kwa nini leo. Nikamjibu huyu mama anaondoka, mimi nimebakiza mkataba wa mwaka mmoja, akitaka auchane. Hakuuchana. Alifungua ukurasa ule, akalikata jina la Dorothea kwa mstari mmoja, akanipa kalamu. Nimeandika langu kwa herufi kubwa, na mwandiko wangu wote mnaujua ulivyo mbaya.

Da Dorothea, ahsante kwa kila punje uliyohesabu, na kwa ile moja uliyonifichia. Nenda salama Lushoto, ule vizuri, ulale mpaka jua likuchoke. Unaondoka na jina safi.

Abdulwakil, dereva wa maabara